Ua Kabla ya Kanisa: Pennant Melangell na Maana ya Neno Llan

Kwa Kiwelisi, bustani ya miti ya matunda huitwa perllan. Zizi la kondoo ni corlan. Shamba la mizabibu ni gwinllan, na kiwanja cha kurundikia mavuno ni ydlan. Maneno yote manne yana kitu kimoja mkiani, llan, na hakuna hata moja linalohusu dini. Lakini fungua ramani ya Welisi, ile nchi ya Gareth Bale iliyo magharibi mwa kisiwa cha Britania, utakuta neno hilohilo limetangulia majina ya mamia ya vijiji: Llandeilo, Llangynog, Llanfrothen, Llanddewi Brefi. Ukimuuliza mtu wa huko llan ni nini, wengi watakujibu kwamba ni kanisa.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwa asili yake llan ni ua, yaani kipande cha ardhi kilichozungushiwa ukuta, boma la miti au tuta la udongo. Kanisa lina jina lake, eglwys, ambalo Wawelisi walilipata kutoka neno la Kilatini ecclesia, kama sisi tulivyolipata neno letu kutoka Kiarabu. Kilichotokea ni kwamba jina la ua lilipanda taratibu likaifunika altare, kisha likakifunika kijiji kizima. Nyuma yake kwa kawaida hufuata jina la mtakatifu, na herufi ya kwanza ya jina hilo hubadilika kwa sheria za lugha yao: Teilo anatoa Llandeilo, Dewi anatoa Llanddewi, na Mair, yaani Maria, anatoa Llanfair. Mgeni haoni Mair ndani ya Llanfair, kama vile anayejifunza Kiswahili asivyoona ulimi ndani ya ndimi.

Kwa nini nasumbuka na neno moja? Kwa sababu asiyelijua huisoma historia ya kanisa la kijiji cha Kiwelisi kichwa chini miguu juu. Anauliza jengo lilijengwa mwaka gani na mnara uliongezwa na nani, halafu makaburi, ukuta na miti anavichukulia kama vitu vilivyokuja kulizunguka jengo baadaye. Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume chake. Ua ulikuwepo, watu wakazikwa ndani yake, wakakimbilia ndani yake, na jengo la mawe likaja kama mgeni aliyekaribishwa kwenye boma la wenyewe.

Sijui kanisa linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko la Mtakatifu Melangell, mahali paitwapo Pennant Melangell, katika kaunti ya Powys. Jina lenyewe halina llan, nami nimelichagua hivyohivyo makusudi, maana pale ua unaonekana wazi hata bila jina. Pen ni kichwa, nant ni kijito au bonde lake, kwa hiyo Pennant ni mwanzo wa bonde. Unafika Llangynog, unaacha barabara kubwa, unafuata kijinjia chembamba kando ya mto Tanat kwa takriban kilomita tatu hadi njia inapokwisha. Mbele yako ni kuta za milima ya Berwyn, na hakuna pa kupita. Kuna nyumba za kuhesabu kwa vidole, kanisa dogo lenye mnara mfupi, ukuta wa mawe unaopinda bila kona, na miti mikubwa yenye kivuli kizito.

Kisa cha mahali hapa kimeandikwa kwa Kilatini chini ya jina Historia Divae Monacellae. Monacella ndiye Melangell mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alikuwa binti wa mfalme wa Ayalandi. Baba yake alitaka kumwoza kwa mkubwa mmoja wa nchi, naye alikwisha kujiwekea nadhiri ya ubikira. Akatoroka, akavuka bahari, akajificha katika bonde hili miaka 15 bila kuuona uso wa mwanamume. Ndipo mwaka 604 mtawala wa Powys, wakati huo ufalme, Brochwel, aliyeitwa Ysgithrog, yaani mwenye chonge, alipokuja kuwinda. Mbwa wakamkurupusha sungura, wakamfukuza mpaka kwenye kichaka cha miiba. Brochwel alipofika akamkuta mwanamke mzuri amezama katika sala, na sungura yumo chini ya pindo la vazi lake, amegeuza uso anawatazama mbwa bila woga. Brochwel akawahimiza mbwa wamkamate. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyorudi nyuma wakilia. Mwindaji wake akainua baragumu apulize, likamgandama midomoni.

Sisi tumelelewa na Sungura mjanja, anayemponza fisi na simba kwa maneno yake. Sungura wa Melangell hana ujanja wowote. Amekimbia, amechoka, ametafuta pa kujificha, basi. Na kisa kinamtaka hivyo hasa, kwa sababu kinachofuata si sifa ya sungura. Brochwel anashuka, anamuuliza mwanamke habari zake, kisha anampa ardhi ile iwe kimbilio, hifadhi na ulinzi wa daima kwa kila atakayeikimbilia, na kuwaonya watawala watakaokuja wasiiguse. Melangell akaishi hapo miaka 37 zaidi, akiongoza kundi la wanawali, na sungura wa porini wakamzoea kama wanyama wa kufugwa.

Watu wengi hukomea hapo wanaposimulia. Maandishi yenyewe yanaendelea. Baada ya Melangell kufa, alikuja mtu mmoja, Elise, aliyetaka kuwanajisi wanawali wa mahali pale, naye akafa kifo kibaya cha ghafla. Ni mwisho mkali kwa kisa kilichoanza kwa upole namna ile, na ukali huo ndio unaotuonyesha maandishi haya yalikusudiwa kufanya kazi gani.

Tuanze na tarehe. Nakala za zamani zaidi zilizobaki za kisa hiki ni za mwishoni mwa karne ya 16, takriban miaka elfu moja baada ya tukio linalosimuliwa. Brochwel ni mtu aliyekuwepo kweli, kwa kadiri orodha za nasaba za Powys zinavyoweza kuaminika, lakini mjukuu wake Selyf anahesabiwa miongoni mwa waliouawa katika vita vya Chester, mnamo mwaka 613 au 616, akiwa tayari mtawala. Babu mwenye mjukuu wa umri huo kupanda farasi na kukimbizana na sungura milimani mwaka 604 haiwezekani kukataliwa kabisa, ila inahitaji babu mwenye nguvu kweli. Ukisimama hapo utasema ni hadithi tu, ukafunga daftari. Mimi nadhani ndipo kazi inapoanza.

Kisome tena kama anavyosoma mwanasheria. Kuna mtoaji anayetajwa kwa jina na cheo, na kuna mpokeaji. Kuna ardhi, na kuna haki inayoambatana na ardhi hiyo, yaani kwamba anayeikimbilia asiguswe. Kuna tarehe. Kuna mashahidi, maana mbwa na mwindaji wote walishuhudia. Mwishoni kuna adhabu kwa atakayevunja masharti. Hicho ni kisa cha mtakatifu na papo hapo ni hatimiliki. Wanahistoria waliokichambua wamefikia hukumu hiyohiyo: aliyekitunga alikuwa akilinda haki za kanisa fulani juu ya ua fulani, wakati ambapo pengine kulikuwa na watu waliozitia shaka.

Haki yenyewe haikuwa ndoto ya mtunzi. Kwa Kiwelisi ulinzi wa aina hii ni nawdd, na mahali penye ulinzi huo ni noddfa. Vitabu vya sheria vilivyobeba jina la Hywel Dda, mfalme wa karne ya 10, vinaitambua nawdd ya kanisa kama jambo la kawaida la kisheria. Mtu aliyemwaga damu, au aliyekimbia deni au kisasi, angeweza kuingia ndani ya mipaka ya ua wa kanisa na kukaa humo wakati ndugu na wakubwa wakizungumza fidia. Katika nchi ambako kisasi cha ukoo kingeweza kuteketeza vizazi, ua uliotoa muda wa kuzungumza ulikuwa chombo cha amani. Kwa hiyo mpaka wake ulipaswa kuonekana kwa macho. Mtu anayefukuzwa usiku hana nafasi ya kuuliza ua unaanzia wapi.

Na wenyeji waliishika haki hiyo hata kwa wanyama. Thomas Pennant, msafiri wa karne ya 18 ambaye jina lake kufanana na la bonde hili ni sadfa tu, aliandika kwamba mpaka karne iliyomtangulia hakuna mtu wa parokia ile aliyekubali kumuua sungura. Waliwaita ŵyn Melangell, wanakondoo wa Melangell. Na sungura akifukuzwa na mbwa, mtu akapaza sauti kumwambia, "Mungu na Melangell wawe nawe," waliamini lazima ataponyoka.

Ndani ya kanisa kisa hiki kimechongwa kwenye kiambaza cha mbao cha mwishoni mwa karne ya 15, kile kilichotenganisha upande wa waumini na upande wa altare. Ukikiangalia kwa karibu kina umbo la picha zinazosomwa mfululizo. Brochwel yupo juu ya farasi. Mwindaji amepiga goti, baragumu mdomoni, nalo halitoki. Melangell ameketi na fimbo ya mama mkuu wa watawa mkononi. Sungura ni mdogo kabisa, anakimbia kuelekea kwake. Wachongaji wa milimani waliokifanya hawakuwa na ufundi wa mjini, viwiliwili ni vinene na nyuso zinafanana, lakini hawakukosea jambo moja: kila kiumbe katika ubao ule anaelekea kwa mwanamke aliyekaa kimya. Hata asiyejua kusoma, naye ndiye aliyekuwa mtu wa kawaida wa bonde lile wakati huo, aliiona hati ya ua wake kila Jumapili.

Karne tatu kabla ya kiambaza hicho palikuwa na kitu kikubwa zaidi. Katika karne ya 12, kanisa la mawe lilipojengwa, masalia ya Melangell yaliwekwa kwenye kijumba cha mawe kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye paa kali la mgongo na nakshi za majani zilizochongwa kwa mtindo wa Kiromaneski, yaani ule wa majengo ya mawe ya Ulaya ya wakati huo. Mahujaji walivuka milima kuja kupiga magoti chini yake. Nyuma ya altare, upande wa mashariki, palijengwa chumba kidogo chenye ukuta wa nusu duara, ambacho mpaka leo huitwa cell-y-bedd, chumba cha kaburi, kwa sababu iliaminiwa kwamba hapo ndipo alipozikwa.

Kisha yakaja mageuzi ya Kiprotestanti. Mnamo 1538 serikali ya Henry VIII, mfalme wa Uingereza, iliamuru vijumba vya masalia vivunjwe nchi nzima, na hiki nacho kilivunjwa. Lakini mawe mazuri hayatupwi katika bonde ambako kila jiwe lazima libebwe kwa mgongo au kwa farasi. Yalitiwa kwenye kuta kama kifusi cha kujazia. Yaliyotakiwa kufutwa yalihifadhiwa na chokaa ileile iliyoyaficha. Vipande vilitambuliwa, vikatolewa kimoja kimoja, na mwaka 1958 kijumba kikasimamishwa tena kwa mara ya kwanza tangu karne ya 16. Sehemu zilizokosekana zilijazwa kwa kazi mpya, na mtazamaji anaweza kutofautisha. Ni miongoni mwa vijumba vya Kiromaneski vya zamani zaidi vilivyobaki kaskazini mwa Ulaya.

Miaka ya 1980 kanisa lilikuwa karibu kuanguka na palikuwa na mazungumzo ya kulibomoa. Kasisi mmoja na mkewe waliohamia bondeni walilisimamia lisife, na kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na 1992 likafanyiwa ukarabati mkubwa. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa wanaakiolojia nafasi ya kuchimba ndani na kando ya jengo, na hapa ua unaanza kuzungumza wenyewe, bila kisa cha Kilatini.

Chini ya chumba cha mraba kilichokuwa kimejengwa karne ya 18 walikuta msingi wa ule ukuta wa nusu duara wa karne ya 12, na juu ya msingi huo chumba kikajengwa upya. Walikuta makaburi yaliyotangulia kanisa la karne ya 12, ishara kwamba watu walizikwa hapa wakati pengine hapakuwa na jengo, au palikuwa na jengo la mbao lisiloacha alama. Na chini zaidi walikuta mabaki ya mifupa ya watu iliyochomwa, ya Zama za Shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Habari hiyo ya mwisho huwafanya watu waruke. Wanachukua mifupa ya Zama za Shaba, wanachukua ukuta wa duara, wanachukua miti mizee, wanavifunga pamoja na kutangaza kwamba mahali pamekuwa patakatifu mfululizo kwa miaka elfu tatu. Inavutia, nakiri. Lakini kati ya moto wa mazishi ya Zama za Shaba na kaburi la kwanza la Kikristo kuna pengo la zaidi ya miaka elfu moja na nusu, na ndani ya pengo hilo uchimbaji haukuonyesha watu waliorithishana ibada. Wangeweza kurudi mahali palepale kwa sababu rahisi: bonde lina sehemu chache zilizo tambarare, kavu na juu ya mafuriko ya mto, na watu wa zama zote wanapenda kuzika pakavu. Au labda palikuwa na kilima kidogo cha kaburi la kale kilichoonekana bado, nao wakakiheshimu bila kumjua mwenyewe. Yote mawili yana akili.

Duara nalo halithibitishi upagani. Maboma ya duara yalikuwa njia ya kawaida ya kuzungushia makazi katika Britania ya magharibi na Ayalandi kwa karne nyingi, kabla ya Ukristo na baada yake. Ukitaka kuzungushia ardhi nyingi kwa ukuta mfupi, duara ndilo jibu. Wenyeji wana maelezo yao, kwamba ua usio na kona haumpi shetani pa kujificha, nami nayapenda, ila yanatuambia jinsi watu walivyouona ua ulipokuwa tayari mzee. Tunachoweza kusema kwa uhakika kuhusu makanisa ya Kiwelisi yenye ua wa duara ni kwamba umbo hilo mara nyingi ni dalili ya ua wa mwanzoni mwa Zama za Kati, mzee kuliko jengo lililo ndani yake.

Sasa miti. Ni aina ya mkoniferi, yaani mti wa jamii ya misonobari, wenye majani membamba ya kijani kilichokolea; Waingereza huuita yew, Wawelisi huuita ywen. Pennant Melangell ina kadhaa mikongwe iliyopangika kwenye duara la ua, na hukadiriwa kuwa na miaka kufikia 2,000. Neno la kushikilia hapo ni "hukadiriwa". Ywen akizeeka huoza katikati, shina likabaki ganda tupu ambalo watu kadhaa wanaweza kuingia na kusimama ndani. Pete za kuhesabu umri zimeondoka na ule moyo uliooza, na kipimo cha kaboni nacho kinapima tu mbao zilizobaki. Basi wataalamu huzungushia kamba shina, hulinganisha na miti ambayo mwaka wake wa kupandwa unajulikana, na kupiga hesabu. Ugumu ni kwamba mti huu haukui kwa mwendo mmoja. Unaweza kukaa karne nzima bila kunenepa kwa kiasi cha kuonekana, kisha ukaanza upya. Tawi lililoinama likigusa udongo linatoa mizizi na kuwa shina jipya. Ukweli ni kwamba umekufa na kufufuka mara nyingi kiasi kwamba hata swali la umri wake linahitaji kuulizwa kwa uangalifu.

Kwa nini upo kwenye makaburi? Jibu linalosikika sana ni pinde: mbao za ywen ndizo zilizotengenezea upinde mrefu wa vita, kwa hiyo eti wafalme waliamuru ipandwe makanisani. Hesabu haikubali. Ua wa kanisa una miti miwili mitatu, jeshi lilihitaji pinde kwa maelfu, na mbao bora zilitoka nje, Hispania na Italia. Mwaka 1472 Uingereza ilitunga sheria iliyowalazimisha wafanyabiashara waletao shehena kwa meli walete pia fito za pinde. Jibu la pili ni sumu. Majani na mbegu za ywen humuua ng'ombe au farasi, hivyo mti huwalazimisha wafugaji kuziba mapengo ya ukuta. Hilo lina ukweli wa kila siku, maana mkulima wa bonde la Tanat anajua gharama ya ng'ombe mmoja, lakini mtu hapandi sumu ili akumbuke kutengeneza ukuta. Ninaloliamini zaidi limo kwenye zile sheria za Hywel Dda. Katika nakala mojawapo, ywen wa msituni unathaminiwa peni 15. Ywen wa mtakatifu unathaminiwa pauni moja, yaani peni 240. Mti ni uleule na mbao ni zilezile, ila uliosimama ndani ya ua wa mtakatifu una thamani mara 16. Sheria ilijua kwamba anayeukata haibi mbao tu, anavunja nawdd.

Nimesema mengi ya miti na mawe, na waliolala ndani ya ua nao wana lao. Mawe ya makaburi ya Kiwelisi mengi ni ya sleti, jiwe jeusi-kijivu linalopasuka kwa tabaka na kushika herufi kali kwa miaka 200. Huanza kwa Er cof am, kwa kumbukumbu ya. Zamani mtu alitajwa kwa baba yake: ap ni sawasawa na bin yetu, ferch ni binti. Kuanzia karne ya 16 utawala ulipolazimisha majina ya ukoo yasiyobadilika, ap nyingi zilimezwa: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Richard akawa Pritchard. Wengine walichukua jina la baba kama lilivyo, na kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa machache, nchi ikajaa Jones, Davies, Evans na Roberts. Ndiyo sababu jiwe la kaburi huko huandika pia jina la shamba. Bila shamba, John Jones hatofautiani na John Jones wa jirani. Jiwe linakwambia marehemu alilala wapi kabla ya kulala hapa.

Katika ua huu amezikwa Nansi Richards, aliyezaliwa 1888 karibu na hapo, mpiga kinubi aliyeitunza sanaa ya kinubi chenye safu tatu za nyuzi wakati ilipokuwa ikitoweka. Alifariki 1979.

Nani ana haki ya kulala ndani ya llan? Swali hili lilikaribia kuwasha moto Welisi katika karne ya 19. Wakati huo Wawelisi walio wengi walikuwa wameliacha Kanisa la Anglikana wakajiunga na Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo, lakini ua wa kijiji ulibaki mikononi mwa kasisi wa Kianglikana. Sheria ya 1880 iliwaruhusu watu wa madhehebu mengine kuzika humo kwa ibada yao wenyewe. Kasisi wa Llanfrothen, kijiji kilicho magharibi zaidi, hakuipenda. Sehemu ya ua wake ilikuwa imetolewa zawadi na mama mmoja mwaka 1864, kwa mdomo, bila hati. Mwaka 1881 kasisi alimshawishi mama huyo asaini hati yenye sharti kwamba humo zitumike ibada za Kianglikana pekee.

Mwaka 1888 akafa Robert Roberts, mzee mchimba sleti. Alitaka alale kando ya binti yake, aliyezikwa katika sehemu hiyo. Familia ikataka ibada yao ya Kimethodisti. Kasisi akakataa, akafunga lango. Wakamwendea wakili kijana wa miaka 25, David Lloyd George, akazipitia karatasi na kuwaambia kwamba ardhi ilikwisha kuwa ya ua tangu 1864, hati ya baadaye haina nguvu, vunjeni lango. Wakavunja, wakamzika mzee wao. Kesi ilianza vibaya mbele ya hakimu wa mkoa, ikafika London, na Desemba 1888 familia ikashinda. Lloyd George akaingia bungeni 1890, na 1916 akawa waziri mkuu. Kanisa la Anglikana nchini Welisi lilitenganishwa na serikali mwaka 1920. Umiliki wa makaburi ulizungushwa kati ya halmashauri na kanisa mpaka sheria ya 1945 ilipoyarudisha kanisani, huku haki ikibaki: anayeishi parokiani anaweza kuzikwa katika ua wa parokia yake, awe wa dhehebu gani, au asiwe na dini kabisa, maadamu nafasi ipo.

Lango la ua wa Pennant Melangell ni la mawe, lenye paa. Malango ya namna hii yalijengwa kwa ajili ya maiti: jeneza lilifikishwa hapo, wabebaji wakalitua, wakamngoja kasisi aje kuwapokea. Na vile vipande vya kijumba cha Melangell vilipotafutwa, havikukutwa kwenye kuta za kanisa peke yake. Vingine vilikuwa kwenye lango. Kwa vizazi na vizazi, kila mkulima, mke wa mkulima na mtoto mchanga wa bonde lile aliingia uani akiwa amebebwa kati ya mawe ya mtakatifu wake, na hakuna aliyejua.